Feki ya Nini?

Upanga wa mwanga wa Luke Skywalker ni takataka. Sisemi hivyo kuudharau. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa. Mwaka 1976 Roger Christian, mpambaji wa seti ya Star Wars, aliingia katika duka la kamera mjini London akitafuta vitu vya zamani. Akapata boksi la vishikio vya taa za kamera aina ya Graflex, vile ambavyo wapigapicha wa magazeti ya Marekani walitumia miaka ya 1940. Ni mrija tu, umepakwa kromu, una kitufe chekundu. Akarudi nao kazini, akakata vipande vya plastiki nyeusi vya umbo la T, vya aina inayotumika kwenye milango ya kabati inayoteleza, akavibandika kwa gundi kuzunguka mrija ili mkono upate pa kushika. Pale kati palipobaki pengo akaweka ukanda wa lenzi uliong'olewa kwenye kioo cha kalkuleta. Basi. Hiyo ndiyo silaha ambayo watoto wa nusu ya dunia wamewahi kuiigiza kwa fimbo ya ufagio.

Bunduki za wale askari weupe ni hadithi hiyohiyo. Ndani yake ni Sterling, bunduki ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia miaka ya 1950, miaka ambayo sisi huku tunaikumbuka kwa mambo mengine. Vikandakanda vya T vikabandikwa kwenye mtutu, tayari ni bunduki ya galaksi ya mbali. Bastola ya Han Solo ni Mauser ya Mjerumani iliyofungwa darubini. Mwaka 1978 Christian na wenzake watatu walipewa Oscar kwa usanii wa seti wa filamu hiyo. Yaani jua kali imewahi kushinda Oscar, tena mchana kweupe, ila hakuna aliyeiita jua kali.

Sasa ninachotaka kukizungumzia si filamu. Ni wale watu wanaotengeneza nakala za vitu hivi, na hasa ile nakala ndogo kabisa, ya kudharaulika, ya kile kikanda cha plastiki. Watu wanakikata upya kutoka kwa bamba la plastiki kwa mashine ya ruta inayoongozwa na kompyuta, CNC, wakibishania nusu milimita. Vitabu tunavifanyia uhakiki, filamu tunazifanyia, hata matangazo ya kampuni za simu siku hizi yana wahakiki. Nakala hizi je? Zinasemwa kwa neno moja: feki. Ama kwa lingine: safi. Yote mawili ni ya uvivu.

Mimi nakata plastiki. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla uandishi haujaanza kulipa chochote (bado haujaanza vizuri, tuseme ukweli) nilianza kufanya siku mbili tatu kwa wiki katika karakana ya mabango hapa Nairobi. Kazi zetu ni herufi za saluni, nembo za makanisa, mishale ya "Maegesho", namba za nyumba za watu waliojenga Ruiru. Ruta iko katikati ya chumba kama meza ya mchezo wa pool, inapiga kelele kama nyuki aliyekasirishwa. Kwa hiyo nikisema kitu kuhusu kikanda cha T, sisemi kama mtu aliyekiona kwenye skrini peke yake.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana uhakiki wangu wote umekaa hapo.

Kukata umbo la T kutoka kwa bamba, unaanza na unene wa, tuseme, milimita 6. Biti inakwangua upande wa kushoto na wa kulia, inaacha uti mwembamba umesimama katikati, halafu inazunguka na kuutoa ukanda mzima kutoka kwenye bamba. Inaonekana rahisi. Shida ya kwanza ni joto. Plastiki si mbao. Mbao ikipata moto inaungua na unaisikia harufu, plastiki inayeyuka na kurudi kujigandisha palepale ulipotoka kukata. Ndiyo sababu mafundi wanatumia biti yenye makali mamoja tu, yenye mfereji mpana, ili chembe zitoke haraka zikiwa zimebeba joto lake. Biti ikizunguka mara 18,000 kwa dakika na mashine ikasogea milimita 1,800 kwa dakika hiyohiyo, kila mzunguko unang'ata sehemu ya kumi ya milimita. Ukiwa mwoga ukaipunguza mwendo ukidhani unaitunza kazi, unaiharibu: makali yanasugua badala ya kukata, na ukanda wako unatoka umefura kama mandazi.

Shida ya pili ni plastiki gani. Akriliki ile iliyomiminwa inakatika kwa chembe safi, ile iliyosukumwa kwenye kalibu inayeyuka haraka na kunata, na zote mbili zinavunjika ukijaribu kuzikunja. PVC ya povu ni rahisi na nyepesi lakini ukingo wake unabaki na vinyweleo. Na tafadhali usiipeleke PVC kwa leza: inatoa gesi yenye klorini inayokula mashine na mapafu kwa pamoja. HDPE, ile ya mitungi ya maji, inakatika kama siagi, ila haikubali gundi wala rangi. Wale askari weupe wa mwaka 1976 wanajua. Kofia zao nyingi zilikuwa za HDPE iliyopakwa rangi nyeupe, na rangi hiyo ilikuwa ikibanduka. ABS ndiyo jibu la watu wengi: inavumilia, inashika gundi, inasugulika.

Shida ya tatu ndiyo ninayoipenda. Ruta haiwezi kukata pembe ya ndani iliyo kali. Biti ni duara. Ikiwa ni ya milimita 3, kila pembe ya ndani inabaki na mviringo wa milimita moja na nusu, utake usitake. Ukitaka pembe kali, unachukua tupa na unamalizia kwa mkono. Nimeona nakala nyingi, zangu na za wengine, na kitu cha kwanza ninachoangalia ni pembe za ndani. Hapo ndipo unajua kama mtu aliishia pale mashine ilipoishia.

Kuna siku kijana mmoja alikuja na faili kwenye flash, anataka kukatiwa vikanda kumi na kitu. Bosi wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa kuongea polepole, akaangalia skrini.

"Kijana, hii ni ya bango gani?"

"Si bango, mzee. Ni ya bunduki."

Kimya. Hata yule wa kuchanganya rangi aliinua kichwa.

"Ya filamu, mzee. Ya kuvaa, ya mchezo tu."

"Sasa siku nyingine anza na mchezo," bosi akasema, "hiyo bunduki ije baadaye." Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijalisikia likiulizwa vizuri zaidi na mhakiki yeyote: "Unataka iwe kama ile yao, ama unataka iwe sawa?"

Yule kijana hakuelewa. Alidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Vile vikanda vya Christian vilibandikwa kwa mkono, kwa haraka, na watu waliokuwa na filamu ya kumaliza. Havikuachana kwa nafasi sawa. Miisho yake haikukatwa kwa pembe moja. Ukitaka nakala ya kitu chenyewe, lazima unakili na upogo. Ukitaka nakala ya kile kamera ilichotufanya tuamini, yaani silaha ya kistaarabu kutoka kiwanda cha galaksi nyingine, basi unanyoosha. Watengenezaji wa nakala wamegawanyika hapo tangu zamani, na kila upande unauona mwingine kama watu wasioelewa. Mimi niko na wa upogo, na nitasema kwa nini, lakini si kwa sababu ya kupenda vya kale. Sina huba na vya kale.

Sababu yangu iko kwenye programu ya kuchora. Mtu anayechora kitu cha kukatwa na ruta huwa hachori kitu kizima. Anachora nusu, halafu anabonyeza amri ya kioo, nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Ni njia ya kuokoa muda, hakuna ubaya. Kila nembo ya kanisa niliyokata ilizaliwa hivyo. Lakini ukikaa na mashine hizi muda mrefu unaanza kuona kwamba ile njia ya mkato imegeuka kuwa ladha. Tunaona kitu kilicholingana kushoto na kulia, tunasema "hii ni ya kiwango". Tunachokisifu ni uvivu wa mchoraji uliovishwa suti.

Mfano mkubwa kabisa haukutoka kwa shabiki, ulitoka kwa wenyewe. Kofia ya Darth Vader ilichongwa na Brian Muir kwa udongo mwaka 1976, kutokana na michoro ya Ralph McQuarrie. Ilichongwa kwa macho na mikono, kwa hiyo shavu moja halilingani na lingine. Mwaka 2005, kwa ajili ya Revenge of the Sith, kofia ilitengenezwa upya kwa msaada wa kompyuta, na pande mbili zikalinganishwa sawasawa. Ziweke picha mbili kando kwa kando. Ya 1976 inakutazama. Mwanga ukihama, uso unabadilika, kana kwamba kuna mtu ndani anayewaza jambo. Ya 2005 ni dashibodi ya gari jipya. Walikuwa na pesa zote za dunia wakatengeneza nakala mbaya ya kitu chao wenyewe. Wale wanaosema nakala ya shabiki ni feki kwa kuwa haina ruhusa, waniambie hii yenye ruhusa tuiiteje.

Na kuna jambo la pesa hapa ambalo watu hawalitazami. Mwaka 1976 upogo ulikuwa wa bure, ulikuja wenyewe na haraka na mikono, na unyoofu ndio ulikuwa ghali. Leo imegeuka. Ukitaka ruta ikutolee kitu kilichopinda vizuri, lazima mtu aketi achore pande zote mbili, kila kikanda kivyake, nafasi moja milimita 9, inayofuata 9 na nusu. Ni saa nyingi za kompyuta, na saa zina bei. Unyoofu unatoka kwa mbofyo mmoja. Kwa hiyo mtu asiye na pesa anapewa kitu kilichonyooka, na mwenye pesa ndiye anayenunua alama za vidole. Angalia fanicha za mikahawa ya Westlands uniambie kama nadanganya.

Sasa kwetu. Black Panther ya 2018 ndiyo iliyofanya vijana wengi hapa kutaka kuvaa kitu cha filamu bila kujifanya Mzungu, na kwa hilo nina heshima nayo. Taji la Malkia Ramonda lina chanzo kinachojulikana: isicholo, kofia ya wanawake walioolewa wa Kizulu. Ruth Carter, mbunifu wa mavazi, alifanya kazi na Julia Koerner, na taji likachapishwa kwa mashine ya 3D huko Ubelgiji, kwa unga wa nailoni unaogandishwa na leza. Carter akashinda Oscar mwaka 2019. Taji lile ni zuri, na ulinganifu wake una hoja: filamu inasema Wakanda ina teknolojia isiyohitaji kuomba mtu, kwa hiyo kichwa cha malkia kisionekane kimesukwa na mtu aliyechoka. Hapo unyoofu umefanya kazi, hatukuuona umewekwa kwa mazoea tu. Naukubali.

Tatizo langu linaanza nakala inapofika huku. Nimeona kwenye mashindano ya kosplei hapa Nairobi mataji na vinyago vilivyokatwa kwa bamba la plastiki, vimepakwa dhahabu ya kopo, vimeng'aa mpaka unajiona. Watu wanapiga makofi. Kazi ngumu imefanyika, sitaidharau, najua biti moja inavyovunjika na roho yako. Lakini fuatilia safari: mwanamke wa Kizulu anasuka, mbunifu aliye Marekani anatazama, mashine ya Ubelgiji inachapisha, kamera inapiga, kijana wa Umoja anasimamisha video na kuchora alichokiona, ruta ya Kariobangi inakata. Kila hatua imeondoa kitu, na ya mwisho imeondoa zaidi kwa sababu imemnakili aliye mbele yake peke yake. Huyu kijana anapanda matatu moja na wanawake wanaosuka viondo. Anaweza kuuliza uzi unapita juu ya upi, fundo linaanzia wapi, kwa nini mstari wa tatu unavuta kidogo. Halafu akapeleka hilo kwenye faili. Ingekuwa nakala inayojua kitu ambacho hata ile ya Ubelgiji haikijui. Badala yake tunashindana nani amepiga msasa zaidi.

Watu wataniambia, bro, ni burudani tu. Sawa. Lakini mahakama kuu kabisa ya Uingereza ilikaa chini kusikiliza burudani hiyohiyo.

Andrew Ainsworth alikuwa na karakana Twickenham. Mwaka 1976 alitengeneza kofia za askari weupe kwa kuvuta plastiki iliyopashwa moto juu ya kalibu, 50 kwa ajili ya filamu. Mwaka 2004 akaanza kuuza nakala zake mwenyewe. Lucasfilm wakamshtaki. Marekani akahukumiwa kulipa dola milioni 20, na kesi ikahamia kwao Uingereza. Swali likawa hili: je, kofia ile ni sanamu? Ikiwa ni sanamu, inalindwa kama kazi ya sanaa. Katika Mahakama Kuu mwaka 2008, Jaji Mann alitoa mfano ninaourudia kila mara: rundo la matofali likionyeshwa Tate Modern kwa wiki mbili linaweza kuwa sanamu, rundo hilohilo likimwagwa mlangoni pake likingoja ujenzi, si sanamu. Mwaka 2011 Mahakama ya Upeo ikakubaliana na matokeo yake. Kazi ya sanaa ni filamu, ikasema, na kofia ni kifaa kilichotumika kuitengeneza. Ainsworth akaruhusiwa kuendelea kuuza Uingereza, ingawa mahakama ilikubali pia kwamba madai ya haki za Marekani yanaweza kusikilizwa huko huko Uingereza.

Wapenzi wa nakala walishangilia. Mimi nilipoisoma nilifurahi nusu. Nafurahi kwamba fundi hakufilisiwa na kampuni kubwa. Ila angalia alishinda kwa njia gani: kwa kukubalika kwamba alichokifanya hakikuwa sanaa. Ili mkono uwe huru, ilibidi mkono uitwe chombo. Fundi yeyote wa Kamukunji anaijua biashara hii. Ukitaka kuachwa kwa amani, sema tu wewe unatengeneza masanduku.

Na hilo neno feki. Hapa jijini tuna barabara nzima ambayo jina lake limekuwa tusi: ukisema cheti ni cha River Road, hakuna anayeuliza maana. (Ningetaka digrii ningeipata huko kwa bei nafuu kuliko ile karo niliyolipa.) Lakini cheti feki kinadanganya kuhusu kitu kilichotokea. Kikanda cha T hakidanganyi kitu. Hakuna upanga wa kweli mahali fulani ambao huu unajifanya ndio. Mwaka 2013 huko New York mnada wa Bonhams uliuza sanamu ya risasi ya ndege kutoka filamu ya The Maltese Falcon ya 1941 kwa zaidi ya dola milioni nne. Kama hujaiona, samahani nakuharibia: ndani ya hadithi ndege yule ni feki. Wanamfukuza filamu nzima, wanauana kwa ajili yake, wakimkwangua ni risasi tupu. Milioni nne kwa feki halisi. Sasa umwambie kijana na vikanda vyake vya ABS nini?

Mimi ningemwambia arudi kwenye swali la bosi, na ningemwonyesha kofia ya askari mweupe. Katika ile kesi, mahakama ilikubali kwamba aliyefinyanga umbo la kofia kwa udongo ni Nick Pemberton. Brian Muir, ambaye alikuwa akifanya kazi Elstree wakati uleule, amesema kwa miaka mingi kwamba ni Liz Moore, mchongaji aliyefinyanga pia C-3PO. Moore alifariki mwaka 1976, kabla filamu haijatoka, kwa hiyo hakuitwa kutoa ushahidi popote. Watu wanaopima nakala hizi wamekuwa wakilumbana juu ya jambo hilo kwa vitu wanavyovijua: mkunjo wa paji la uso, mstari wa shavu, namna jicho moja lilivyokaa chini kidogo kuliko lingine. Sijui mahali pengine ambapo mtu anabishania jina la mchongaji kwa milimita mbili za plastiki. Ndani ya zile kofia hakuna saini. Kuna macho mawili yasiyolingana, na kila mwaka mtu mahali fulani anafungua faili, anafuta moja, anabonyeza kioo.